Kabla Hujamwita Mtu Chawa

Siku hizi mtu akisifu bosi kupita kiasi mwamwita chawa. Twacheka, twapita. Lakini wasee, chawa mwenyewe ana historia, na si ya kuchekesha.

Burundi, 1995. Vita viko mwaka wa pili. Ndani ya gereza la Ngozi kukazuka homa kali: kichwa kinapasuka, mwili wauma, vipele. Ikatoka gerezani, ikaingia kambi za waliofukuzwa makwao. Kufikia 1997 waliougua walikuwa wamepita 40,000. Ilikuwa tifasi (si taifodi ya maji machafu, hiyo ni nyingine), na ndio mlipuko wake mkubwa zaidi duniani tangu Vita vya Pili.

Mbebaji ni chawa wa nguo, si yule wa kichwani. Anakaa kwenye mishono, anatoka kunyonya damu, anarudi. Vijidudu viko kwenye kinyesi chake. Ukijikuna, waviingiza mwenyewe. Na mgonjwa akichemka homa, chawa humhama atafute mwili mwingine. Hapo jina la mtaani limefaa, sikatai.

Aliyegundua siri hii ni Charles Nicolle, daktari Mfaransa, huko Tunis mwaka 1909. Aliona wagonjwa wakiambukiza watu mpaka pale mlangoni mwa hospitali. Wakishaogeshwa na kuvuliwa nguo zao, basi, hawaambukizi tena.

Yaani kinga ilikuwa maji, sabuni na nguo ya kubadilisha. Sasa najua kuna atakayesema, "Si ni uchafu wao." Hebu ngoja. Umetoroka usiku na shati moja. Milimani kuna baridi, hulivui. Sabuni huna, na mko wengi mmelala mmebanana. Wewe ungekuwa msafi?

Dawa ipo, doksisaiklini, na dozi moja yaweza kumponya mtu. Lakini dawa haikupi shati la pili.

Hapa Kuze tunaokolewa na jua: twatoka jasho, twafua, twaanika. Hata hivyo mfereji ukikauka, kila mtu anangoja mkokoteni wa mitungi, na mtungi ni pesa.

Darasa la sita kulikuwa na kijana tukimwita Chawa. Alikuwa na shati moja la shule. Mamake alilifua usiku, asubuhi akalivaa likiwa bado bichi. Jina hilo nilimpa mimi.

Bado tunakutana mtaani. Yeye ndiye huanza kunisalimia.