Ukaguzi wa magari: Cheti, breki na busara ya afisa wa trafiki

KILA inapotokea ajali mbaya ya barabarani nchini Kenya, maswali mawili huulizwa kabla hata ya marehemu kuzikwa. La kwanza ni iwapo gari lililohusika lilikuwa limekaguliwa. La pili ni jinsi lilivyopita vizuizi vyote vya polisi ikiwa lilikuwa bovu. Swali la kwanza linahusu kituo cha ukaguzi na mitambo yake. La pili linahusu uamuzi wa afisa mmoja aliyesimama kando ya barabara, mwenye uwezo wa kulizuia gari au kuliruhusu liende zake.

Kuanzia mwaka 2021 hadi 2024, ajali ziliangamiza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, ambayo wengi huitambua kwa ufupisho wake, NTSA. Aghalabu lawama huwaendea madereva, na si bure, kwa kuwa mwendo wa kasi, uchovu na ulevi ni sababu zinazotajwa mara kwa mara. Hata hivyo, dereva awe makini namna gani, hawezi kulisimamisha lori ambalo breki zake zimekufa.

Sheria yasemaje

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, inaligusa suala hili katika sehemu kadhaa. Kifungu cha 55 kinapiga marufuku matumizi ya gari lolote barabarani ikiwa sehemu zake, zikiwemo taa na tairi, hazitimizi masharti ya sheria au ziko katika hali inayoweza kuwahatarisha waliomo ndani na watumiaji wengine wa barabara. Marufuku hiyo haibagui. Inalihusu gari la waziri, basi la shule, matatu na hata mkweche wa mkulima anayepeleka viazi sokoni.

Kifungu cha 16 ndicho kinachohusu ukaguzi. Magari ya uchukuzi wa umma na ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka. Aidha, sheria inaagiza kwamba gari lolote lililopita umri wa miaka minne tangu lilipoundwa likaguliwe. Kwa muda mrefu sharti hili la pili halikutekelezwa ipasavyo kwa magari ya kibinafsi.

Pengo hilo si dogo. Magari mengi ya kibinafsi nchini huagizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na kiwango cha ubora cha KS 1515 cha mwaka 2000 huruhusu gari lisilozidi umri wa miaka minane. Maana yake ni kwamba gari linaweza kuteremshwa katika bandari ya Mombasa likiwa tayari limeupita umri ambao sheria inaagiza likaguliwe. Magari hayo hukaguliwa yanakotoka kabla ya kupakiwa melini, lakini baada ya hapo mengi hukaa miaka kadhaa bila kuonwa na mkaguzi yeyote. Mwaka 2025 serikali ilitoa rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi ili umma uichangie maoni, na suala la magari ya kibinafsi likarudi mezani.

Kinachofanyika kituoni

Hapo awali ukaguzi ulikuwa kazi ya kitengo cha polisi kabla ya kuhamishiwa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Vituo viko Nairobi kwenye barabara ya Likoni katika eneo la Viwandani, na pia Mombasa, Nakuru, Kisumu, Eldoret na miji mingine. Mwenye gari huweka miadi kwa njia ya mtandao, hulipa ada, kisha hulipeleka gari siku aliyopangiwa.

Mkaguzi huanza na utambulisho. Nambari za usajili, za chesisi na za injini sharti zilingane na zilizo katika stakabadhi. Kisha hutazama tairi, taa za mbele na za nyuma, vioo, wipa, honi, mikanda ya usalama, usukani, springi na moshi. Magari ya abiria huangaliwa pia kidhibiti mwendo, viti na milango.

Kipimo chenye uzito zaidi ni cha breki. Gari husimamishwa juu ya rola za chuma zinazozungusha magurudumu, kisha breki hukanyagwa. Mtambo huonyesha nguvu ya breki katika kila gurudumu. Tofauti kubwa kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni dalili ya hatari, kwa sababu gari kama hilo huvutwa upande mmoja linaposimamishwa ghafla, hasa barabara ikiwa na maji.

Upungufu wa cheti

Cheti cha ukaguzi kinaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa, basi. Matatu inayofanya safari kutoka alfajiri hadi usiku inaweza kumaliza breki zake miezi mingi kabla ya cheti kumaliza muda wake. Vilevile, wapo wamiliki wanaoazima tairi nzuri kwa siku moja ya ukaguzi na kurudisha zile zilizokwisha wanapotoka kituoni. Vidhibiti mwendo navyo huchezewa na mafundi baada ya muhuri kuwekwa.

Mteremko wa Salgaa, katika barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, umetoa funzo chungu. Kwa miaka mingi madereva wa malori walilaumiwa kwa kuteremka hapo wakiwa wametoa gia ili kuokoa mafuta. Lori likiteremka hivyo, injini haisaidii tena kulizuia. Mzigo wote hubebwa na breki, nazo hupata moto kupita kiasi na kushindwa kushika. Mnamo Desemba 31, 2017, zaidi ya watu 30 walifariki karibu na hapo, eneo la Migaa, basi na lori zilipogongana. Breki zilizopita kipimo kituoni zinaweza kushindwa mteremkoni zikitumiwa vibaya, na zilizochakaa hazina hata nafasi ya kujaribu.

Ndiyo maana ukaguzi wa kituoni hauwezi kuchukua nafasi ya jicho la barabarani. Afisa wa trafiki ndiye anayeliona gari katika siku 364 zilizobaki.

Kanuni za Michuki

Jitihada kubwa zaidi ya kurejesha nidhamu barabarani ilifanywa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 1, 2004. Matatu zilitakiwa kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama kwa kila abiria, mstari wa manjano ubavuni na maandishi ya njia zinazohudumu. Madereva na makondakta walilazimika kuvaa sare, na abiria kusimama ndani ya matatu kukakatazwa.

Siku za kwanza zilikuwa za tabu. Matatu nyingi ziliondolewa barabarani na maelfu ya wakazi wa miji wakatembea kwenda kazini. Hata hivyo wananchi wengi waliunga mkono kanuni hizo, na hadi leo jina la Michuki hutajwa kila nidhamu ya matatu inapozungumziwa.

Lakini kanuni hizo zililegea polepole. Baada ya basi kuua zaidi ya watu 50 Fort Ternan, Kaunti ya Kericho, Oktoba 10, 2018, serikali ilitangaza msako mpya ulioanza Novemba 12 mwaka huo. Picha zikawa zilezile za mwaka 2004: matatu zimefichwa, abiria wanatembea. Wakosoaji waliita misako ya aina hiyo nguvu ya soda, kwa kuwa huchemka kwa wiki chache kisha ikatulia hadi maafa mengine yatokee.

Mamlaka ya afisa

Sheria ya Trafiki inampa afisa wa polisi aliyevaa sare uwezo wa kusimamisha gari na kulikagua, na pia kuzuia matumizi ya gari linalokiuka sheria hadi kasoro irekebishwe. Kivitendo, njia zilizo mbele yake ni kadhaa: kuonya, kuagiza kasoro irekebishwe, kulizuia gari lisiendelee na safari, kuagiza likakaguliwe, au kumfikisha mhusika mahakamani.

Uhuru huo wa kuchagua una sababu. Taa moja ya nyuma iliyoungua saa sita mchana mjini si sawa na taa hiyohiyo ikikosekana usiku wa mvua katika barabara kuu ya Mombasa. Mkulima wa Kinangop ambaye kioo cha pembeni cha pikapu yake kimepasuka asubuhi hiyo anaweza kuonywa na kuachwa afikishe maziwa kabla hayajaharibika. Afisa anayeshtaki kila kasoro atajaza mahakama, atakwamisha uchukuzi, na mwishowe atachukiwa na watu ambao anahitaji ushirikiano wao.

Kwa upande mwingine, ziko kasoro ambazo hazipaswi kuachiwa busara. Breki mbovu, usukani uliolegea, tairi linaloonyesha nyuzi na mlango wa matatu usiofunga ni mambo ambayo onyo halitoshi. Gari la namna hiyo likiruhusiwa kuendelea, gharama ya huruma ya afisa italipwa na abiria ambao hawakuulizwa.

Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki zilizochapishwa mwaka 2016 zilijaribu kuipa busara hiyo mipaka. Dereva anayezidisha kasi kwa kilomita moja hadi tano kwa saa aliwekewa adhabu ya onyo tu. Kilomita sita hadi 10, faini ya Sh500. Kilomita 16 hadi 20, Sh10,000. Faida ya mpango kama huo ni kwamba dereva anajua mapema anachostahili, na afisa hana sababu ya kukaa naye faraghani wakijadiliana.

Busara inapogeuka biashara

Majadiliano hayo ya faragha ndiyo chanzo cha mlungula. Hesabu yake ni rahisi. Mwenye matatu akijua kwamba kitu kidogo katika kila kizuizi ni nafuu kuliko seti mpya ya breki, atachelewesha matengenezo. Mwenzake anayetengeneza gari lake huingia hasara, kwa maana wote wawili hutoza nauli ileile. Kwa njia hii hongo haimdhulumu abiria pekee, bali humwadhibu pia mmiliki mwaminifu. Nalo lile gari lililosimamishwa kwa ubovu huondoka na ubovu wake.

Serikali imewahi kukiri ukubwa wa tatizo hili. Tume ya Huduma ya Polisi ilipowapiga msasa maafisa wa trafiki mwaka 2016, wengi walihojiwa kuhusu pesa zilizopitia simu zao ambazo hazikulingana na mishahara.

Kuna pia shinikizo la simu kutoka kwa wakubwa wanaotaka gari fulani liachiliwe. Kifungu cha 245 cha Katiba ya 2010 kinasema wazi kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kumpa Inspekta Jenerali maagizo kuhusu utekelezaji wa sheria dhidi ya mtu fulani. Busara ni ya afisa aliyeliona gari, si ya mwenye gari wala rafiki yake.

Haki na wajibu

Dereva anaposimamishwa ana haki ya kuelezwa kosa lake. Hapaswi kulipa faini mkononi mwa afisa. Akikamatwa na kutozwa dhamana ya pesa taslimu, anastahili risiti, ilhali bondi ya polisi hailipiwi. Malalamiko dhidi ya maafisa hupokelewa na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, na yale ya hongo na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Wajibu nao upo. Kutazama tairi, taa, maji, mafuta ya breki na mikanda kabla ya safari hakuchukui zaidi ya dakika 10. Breki inayozama ikikanyagwa, inayopiga kelele za chuma au inayovuta gari upande mmoja inahitaji fundi siku hiyohiyo. Abiria naye ana sauti. Akiona mlango umefungwa kwa kamba au dereva akipigapiga breki mara kadhaa kabla gari halijasimama, ni heri ashuke na kudai nauli yake kuliko kunyamaza.

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Kwa gari ambalo breki zake zilijulikana kuwa mbovu na mwenyewe, na dereva, na afisa aliyepokea noti kizuizini, kinga ilikuwepo mara tatu, na mara zote tatu ikapuuzwa.