Msamaha wa Kodi na Deni Lake

Kodi anayosamehewa mwenye kampuni ni mali ya wote. Yafaa tujue twapewa nini badala yake. Mwaka 1911 Wabelgiji waliipa kampuni ya Lever misitu ya michikichi ya Kongo, kwa sharti la kujenga shule na hospitali. Zilijengwa, lakini wenyeji walishurutishwa kuvuna kwa ujira mdogo, wala hawakuwa na mahali pa kudai.

Sheria ya uwekezaji ya mwaka 2002 nayo iliweka masharti. Kinshasa msamaha ulikuwa wa miaka 3, kwetu Bukavu 5. Mwenye kuupata alipaswa kuwafundisha Wakongo kazi za ufundi na za uongozi. Sharti jema! Lakini deni lisilo na shahidi hukanwa. Basi miaka ikiisha, tuulize: mafundi wako wapi?