Koti kuukuu la askari wa Keya na historia lililobeba

KOTI kuukuu la kijeshi lililohifadhiwa sandukuni huweza kubeba historia ambayo jamaa za mwenyewe hawakupata kusimuliwa. Katika sehemu za Kericho na Bomet, historia hiyo haihusu vita pekee, bali ardhi pia.

Jeshi la King's African Rifles, ambalo wananchi waliliita Keya, liliundwa mwaka wa 1902. Wakipsigis walikuwa miongoni mwa jamii zilizotoa vijana wa kulitumikia. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Waafrika wapatao 98,000 kutoka Kenya waliingia jeshini, na wengi wao walifika Ethiopia, Madagascar na Burma.

Anayetaka kujua asili ya koti hana budi kuanza na koti lenyewe. Asilifue wala kusugua vifungo vyake, kwani maandishi ya wino hufutika upesi. Sare za Waingereza zilipigwa chapa ya mshale mpana, ishara ya mali ya serikali, na lebo ya ndani mara nyingi hutaja mtengenezaji na mwaka.

Umbo la taji kwenye nembo nalo husaidia. Taji lililobinuka juu ni la enzi ya wafalme. Lenye kibonyeo katikati ni la baada ya Malkia Elizabeth kurithi ufalme mwaka wa 1952, alipokuwa ziarani humu nchini. Nembo ya Keya yenyewe haikutumika tena na majeshi ya Kenya baada ya Desemba 12, 1963, bataliani zake zilipogeuzwa kuwa Kenya Rifles.

Begani, kichwa cha kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana na Wajapani katika bonde la Kabaw na kuvuka mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Utepe wa buluu iliyokoza, wenye mstari mwekundu katikati na miwili ya rangi ya chungwa, ni wa nishani ya Burma Star.

Hata hivyo, si kila koti linalopatikana Kericho lilivaliwa na Mwafrika. Baada ya Vita vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 huko kwa maofisa Waingereza waliolemaa vitani. Walowezi hao walilima kitani, bei ikaporomoka, na mradi ukavunjika mapema katika miaka ya 1920. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo iliangukia makampuni ya chai. Waafrika waliopigana vita hivyo hivyo hawakugawiwa chochote katika mpango huo.

Koti la ofisa hutambulikana kwa lebo ya fundi cherehani ndani ya mfuko wa kifuani, ambayo aghalabu huwa na jina na tarehe. Koti la askari wa kawaida huweza kuwa na namba tu. Kwa sababu hiyo, mjukuu wa askari ana kazi kubwa zaidi kuliko mjukuu wa ofisa.

Kazi hiyo haina njia ya mkato. Idara ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi inahifadhi ripoti za wilaya za enzi ya ukoloni, ikiwemo Kericho. Shajara za vita za bataliani zimo Kew, London. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliofariki, lakini waliorudi nyumbani hawamo.

Kwa hao, ushahidi ulio karibu zaidi ni wazee. Jina la rika, kijiji na mwaka wa kuandikishwa yafaa yanakiliwa mapema, kisha yalinganishwe na alama za koti.

Jambo moja lizingatiwe: sheria za Kenya hazimruhusu raia kuvaa sare za majeshi bila idhini. Koti la babu ni la kutunzwa, si la kutembelea sokoni.