Hati za Frank Whittle

Frank Whittle, mzaliwa wa Coventry, Uingereza, mwaka 1907, alikuwa ofisa kijana wa jeshi la anga alipoomba, Januari 1930, hataza ya mtambo wa kusukuma ndege bila ya rafadha. Lakini wakubwa hawakuitambua thamani yake, na ilipowadia 1935, kwa kukosa ada ya pauni 5, haki ile ikampotea. Hakukata tamaa: Aprili 1937 mtambo ukanguruma kwa mara ya kwanza, na tarehe 15 Mei 1941 ukairusha ndege ya kampuni ya Gloster huko Cranwell. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika Chuo cha Churchill, Cambridge, nazo ni ushahidi kwamba akili pekee, pasipo mali na msaada wa dola, huchelewa kuzaa matunda.