Kutoka Ruiru hadi Kilimambogo: Kamera Mbele ya Tingatinga

Sensa ya mwaka 2009 ilikuta watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ikakuta 490,120, na Ruiru ikawa mji wa nne kwa ukubwa nchini Kenya, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Idadi hiyo imeongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka kumi. Mkazi wa Gitothua, moja ya wadi nane za eneobunge la Ruiru, hahitaji tarakimu kuambiwa jambo hilo. Barabara kuu ya Thika ilizinduliwa 2012, mashamba yakakatwa viwanja, na mradi wa Tatu City pekee umekalia ekari zipatazo 5,000 zilizokuwa za kahawa.

Katika kasi hiyo, nyumba nyingi za kale hubomolewa kabla mtu hajazipiga hata picha moja.

Paris ilipitia hali kama hiyo katika karne ya 19, barabara pana zilipokuwa zikipasuliwa katikati ya mitaa ya zamani. Wakuu wa jiji walimpa kazi mpiga picha Charles Marville, naye akaacha zaidi ya picha 400 za vichochoro vilivyokuwa vikingoja kubomolewa. Ruiru na mji jirani wa Thika hazijapata Marville wao, ingawa kamera zilifika huku mapema sana.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikaribishwa katika shamba la Juja na tajiri Mmarekani William Northrup McMillan. Mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19, ndiye aliyekuwa mpiga picha wa msafara. Picha zake zilitoka mwaka uliofuata katika kitabu cha baba yake, African Game Trails. Lakini msafara ule ulikuwa wa uwindaji, na kamera ikafuata bunduki: wanyama ndio waliopewa nafasi kubwa. Wapagazi, wapishi na vibarua walioubeba msafara mzima hawakupata sehemu kama hiyo.

Hata picha zilizopigwa, nyingi haziko hapa. Mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, umehifadhiwa na Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo ni macho ya mgeni: afisa, mmisionari, msafiri. Alichokiona cha maana ndicho alichokipiga.

Hata hivyo, yapo mengi yaliyobaki ya kupigwa na wenyeji. Hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa 1908, ingali Thika, kati ya maporomoko ya mto Chania na ya mto Thika. Mandhari ya mji huu yalijulikana duniani kupitia The Flame Trees of Thika, kitabu ambacho Elspeth Huxley alikitoa 1959 kuhusu utoto wake katika shamba la walowezi, na ambacho kiligeuzwa tamthilia ya televisheni 1981. Msomaji wa Ulaya akaijua Thika kwa miti na maua. Reli iliyofika mjini 1913, kituo cha umeme cha Ndula cha 1925 na viwanda vilivyofuata havikupata sifa kama hiyo.

Upande wa Wakikuyu, alama kubwa ya Thika ni mti ambao haupo tena. Inasimuliwa kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alisema utawala wa wageni ungekwisha siku mti ule, mugumo, utakapoanguka, na kwamba Waingereza wakauzungushia kizuizi ili usianguke. Ulianguka 1963, mwaka wa uhuru. Leo mahali hapo panaitwa Mugumo Gardens. Mpiga picha anayefika hapo hana budi kuwatafuta pia wazee wanaolijua simulizi hilo, awapige wakiwa wamesimama mahali penyewe, na kuwarekodi sauti.

Mashariki zaidi uko mlima Kilimambogo, wenye urefu wa mita 2,145, uliofanywa hifadhi ya taifa 1967 kwa jina la Ol Donyo Sabuk. McMillan alifariki 1925 akiwa ameusia azikwe kileleni. Msafara wa maziko ukashindwa na mwinuko, akazikwa njiani. Yapo makaburi manne: la McMillan, la mkewe Lucie, la mtumishi wao Louise Decker, na la mbwa wao. Mtu akipiga kaburi la bwana peke yake amesimulia robo tu ya habari. Akirudi nyuma hatua chache, makaburi yote manne huingia katika picha moja, na maswali kuhusu maisha ya nyumba ile huanza yenyewe.

Ruiru nayo ina urithi wa kazi. Ni kwenye kituo chake cha utafiti wa kahawa ambako aina ya Ruiru 11, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, ilitolewa kwa wakulima 1985. Viwanda vya kahawa vya mashambani, na mitaro yake ya zege ya kuoshea buni, meza ndefu za wavu za kuanikia, na mistari ya nyumba za vibarua, vinastahili kupigwa sawasawa na jumba la mlowezi. Katika nyumba hizo za vibarua ndimo walimoishi babu na nyanya za baadhi ya wanaopanga vyumba Ruiru leo.

Kazi yenyewe ya kupiga picha haidai mtambo wa bei ghali. Thika iko digrii moja tu kusini mwa ikweta, na jua la mchana hufuta umbo la ukuta. Afadhali kupiga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jengo lipigwe zima kwanza, halafu mlango, dirisha, bawaba na maandishi. Mwenye shamba aombwe ruhusa. Jina la mahali, tarehe na upande aliosimama mpiga picha viandikwe siku hiyo hiyo, ili mwingine aweze kurudi pale pale baada ya miaka ishirini.

Kisha zipo albamu za nyumbani. Nyuma ya maharusi wa mwaka 1974, au ya mtoto siku ya ubatizo, huonekana duka, stesheni au ghala la kahawa ambalo pengine limeshabomolewa. Vijana wa Gitothua wanaweza kuanza na sebule za nyanya zao: wazipige picha hizo kwa simu, waulize huyu ni nani na pale ni wapi, waandike majibu kwa penseli laini nyuma ya kila moja, kisha wapeleke nakala katika shule ya mtaa na katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi.