Saa Iliyoanguka Njiani na Nyota za Ipuli

Juma hili tunalo swali la kijana wa Ipuli, mjini Tabora. Anataka kupiga picha za nyota, na ameshauriwa anunue kile chombo kidogo cha kufuata nyota, ambacho hukaa juu ya stendi ya miguu mitatu na kuigeuza kamera polepole. Achague kipi? Fedha yake ni ya kudunduliza, na kitu kisipofaa hana duka la jirani la kukirudishia.

Ndugu msomaji, swali hili si geni Tabora. Tarehe 7 Novemba 1857 Burton na Speke waliingia Kazeh, makazi ya Waarabu ambayo leo ni sehemu ya mji huo, baada ya siku 134 kutoka Pwani. Nao walikuwa na vyombo vya kusomea nyota. Kulikuwa na sekstanti, na sinia la zebaki, kwa maana Unyamwezi hakuna bahari ya kumpa mtu mstari wa upeo. Kwa hiyo waliipima nyota pamoja na kivuli chake ndani ya zebaki, wakagawa pembe kwa mbili. Kwa njia hiyo latitudo ilipatikana bila taabu kubwa.

Taabu ilikuwa longitudo, ambayo inataka saa. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hiyo saa ikikosea dakika moja tu, katika latitudo ya Tabora umejiweka karibu kilomita 28 mbali na ulipo. Kronometa zao zilikuwa kazi ya mafundi hodari, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya meli, zilale sandukuni zikibembelezwa. Barabara ya msafara haibembelezi. Mpagazi alibeba hadi frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, akivuka mito na matope, na mzigo ukitua chini, umetua. Saa zikaharibika moja baada ya nyingine.

Walifanyaje? Walichukua risasi ya bunduki, wakaifunga kwenye uzi wa inchi 39, wakaining'iniza. Timazi ya urefu huo hupiga sekunde moja kila inapokwenda upande mmoja. Haisemi ni saa ngapi, lakini inahesabu muda kati ya kipimo na kipimo, na Speke aliitumia alipokuwa akipima mwezi na nyota. Mimi hukipenda kidude hiki kuliko vyombo vyote vya msafara ule.

Dkt. Livingstone, ambaye mwaka 1872 alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akingoja wapagazi, alipatwa na mkasa huo huo. Januari 1867 aliyebeba kronometa zake alianguka, na tangu hapo hesabu zake za longitudo zikapotoka. Walakini vyombo vyake vingine vilimzidi umri. Chuma, Susi na wenzao walivibeba pamoja na maiti yake kutoka Chitambo hadi Unyanyembe, wakafika Oktoba 1873, na hapo Luteni Cameron akavichukua vingi na kuendelea navyo magharibi. Majina ya wenye vyombo yamejaa vitabuni. Mabega yaliyovifikisha hayatajwi sana.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kamera isiyogeuzwa, yenye lenzi ya milimita 50, hupata kama sekunde 10 kabla nyota hazijawa vistari. Chombo kikigeuka kwa mwendo wa mbingu, muda huo huwa dakika nzima au zaidi. Sharti mhimili wake uelekee ncha ya mbingu, na hapa ndipo vyombo vingi vinapofanana na zile kronometa za melini: vimebuniwa kwa ajili ya mahali pengine. Ulaya mtu huchungulia nyota ya jaa, kazi ikaisha. Ipuli iko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Nyota ya jaa iko chini ya upeo, haionekani kabisa. Ncha ya kusini iko nyuzi 5 tu juu ya upeo, ndani ya vumbi na moshi wa kiangazi, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu mno.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, aulize mambo haya: je, kitako chake kinalala hadi nyuzi 5, bila uzito wa kusawazisha kugonga mguu wa stendi? Je, kinaweza kugeuka kwa upande wa kusini? Ule mtambo mdogo wa Omegon MiniTrack hujazwa kwa springi kama saa ya ukutani, huenda saa nzima bila betri, na ungefaa sana palipo na shida ya umeme; ila baadhi ya matoleo yake ni ya kaskazini tu. Kamera na lenzi zipimwe kwanza kwenye mizani, kisha achukue chombo kinachostahimili zaidi ya hapo.

Darubini ya kutafutia ncha asiilipie ziada. Aweke nyuzi 5 kwa kipima mlalo, aelekeze kusini kwa dira akiwa mbali na bati na magari, kisha atazame nyota moja ya utosini na moja ya mashariki zinakoponyokea, asahihishe kidogo kidogo. Huenda ikamchukua nusu saa. Usiku usio na mwezi, Juni hadi Agosti, kitovu cha Njia ya Maziwa hupanda juu sana Tabora, kikapita nyuzi 24 tu kutoka utosini.