Wachina wa Marekani na Nguvu ya Karatasi

Historia ya uhamiaji nchini Marekani husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mlango uliokuwa wazi kwa kila mnyonge. Historia ya Wachina inaisuta hadithi hiyo. Nimechagua kuijadili hapa kwa sababu inaonyesha jinsi dola inavyoweza kuwatumia watu kama nguvukazi, kisha ikawafungia nje kwa sheria, fomu na mihuri.

Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, maelfu ya wanaume kutoka Guangdong, kusini mwa China, walivuka Pasifiki wakikimbia umaskini na vita. San Francisco waliiita Mlima wa Dhahabu. Mapokezi hayakukawia kubadilika. Mwaka 1852 California iliweka kodi ya dola 3 kwa mwezi kwa wachimbaji wa kigeni, na mzigo wake uliwaangukia zaidi Wachina. Mwaka 1854 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilitengua hukumu ya George Hall, Mzungu aliyepatikana na hatia ya kumuua Ling Sing, kwa hoja kwamba ushahidi wa Mchina haukubaliki dhidi ya Mzungu. Tangu hapo, aliyemuua Mchina mbele ya Wachina watupu hakuwa na shahidi wa kumwogopa.

Hata hivyo, jasho lao lilihitajika. Kuanzia 1865 kampuni ya reli ya Central Pacific iliwaajiri kwa maelfu kupasua miamba ya Sierra Nevada. Walilipwa chini ya Wazungu, na walipogoma mwezi Juni 1867 kudai ujira sawa na saa chache za kazi, kampuni iliwakatia chakula hadi wakarudi kazini. Reli ilikamilika Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1870 ulihitaji wa kulaumiwa. Badala ya kumkabili mwajiri aliyegawanya mishahara kwa rangi, wanasiasa kama Denis Kearney waliwaelekeza wafanyakazi Wazungu wamchukie mfanyakazi mwenzao. Bunge la Marekani likaitikia. Sheria ya mwaka 1882 ilipiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia nchini kwa miaka 10 na kuwanyima Wachina wote haki ya kuomba uraia. Miaka mitatu baadaye, huko Rock Springs, Wyoming, wachimba makaa wa Kichina wasiopungua 28 waliuawa na wachimbaji Wazungu.

Mwaka 1892 marufuku ilirefushwa, na kila kibarua wa Kichina akatakiwa kuwa na cheti cha ukaazi. Kipande, kwa neno tunalolifahamu. Asiyekuwa nacho angeweza kukamatwa na kufukuzwa nchini, isipokuwa Mzungu amtolee ushahidi. Vyama vyao vya San Francisco viliwahimiza watu wagome kujiandikisha, na wengi wakagoma. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibariki sheria hiyo mwaka 1893.

Lakini mahakama hiyohiyo ilikuja kubanwa na Katiba yake. Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco, alizuiwa bandarini mwaka 1895 aliporejea kutoka China. Alishtaki, na mwaka 1898 akashinda: aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia, hata kama wazazi wake wamekatazwa kuwa raia. Hukumu hiyo ni nguzo ya haki ya uraia wa kuzaliwa mpaka leo.

Tetemeko la 1906 liliteketeza kumbukumbu za vizazi za San Francisco. Wachina wengi wakadai kuwa walizaliwa humo, na raia hao wapya wakaorodhesha wana walioko China, baadhi yao wakiwa wana wa karatasi tu. Serikali iliwahoji katika kituo cha Angel Island, kilichofanya kazi kuanzia 1910 hadi 1940. Humo mtu aliulizwa idadi ya ngazi za nyumba yao na majina ya majirani kijijini. Kosa moja lingeweza kumrudisha alikotoka. Waliofaulu waliishi na majina ya bandia, wakiwaficha hata wajukuu ukoo wao.

Marufuku ilifutwa mwaka 1943, China ilipokuwa mshirika wa Marekani dhidi ya Japani, na hata hapo waliruhusiwa watu 105 tu kwa mwaka. Mfumo wa mgao kwa taifa ulikuja kuvunjwa kwa sheria ya 1965.

Sheria iliyopitishwa kuwa ya miaka 10 ilidumu 61. Haikujiendesha yenyewe. Kila siku ya miaka hiyo kulikuwa na karani mezani, aliyefuata utaratibu, akauliza maswali aliyopewa na kugonga muhuri. Ndiyo maana huwahimiza wanafunzi wangu, na leo nawahimiza watumishi wa umma, kuuliza juu ya kila fomu: imetungwa ili kumtambua mwananchi, au ili kumkwamisha?